Mbona Hamjajenga?



Ijumaa iliyopita, baada ya sala, kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma angali hajaota meno ya mbele alinishika mkono penye ngazi za msikiti. Akaniuliza kwa adabu, lakini bila ya kuzungukazunguka: "Sheikh, tangu mwaka juzi twachangishwa fedha za kujenga makao ya jumuiya. Kiwanja twakiona, mawe hatuyaoni. Mbona hamjajenga?" Nyuma yake walisimama watu wanne watano waliojifanya wanatafuta viatu vyao, ilhali kila mmoja alikwisha kuvivaa.

Nilimjibu kwa ufupi kwamba jambo lina urefu wake. Nilipofika nyumbani nikaona jibu lile halikutosha. Kijana huyu ni fundi wa pikipiki, na kila mwezi hutoa shilingi 500 kwa ajili ya jengo hilo. Mwenye kutoa ana haki ya kujua. Kwa hiyo jibu naliandika hapa, penye baraza yetu ya kila wiki, ili na wale waliokuwa wakitafuta viatu walisome.

Jumuiya yetu, kama wengi wajuavyo, hutazama mayatima na wajane: karo, sare za skuli, unga na mafuta ya Ramadhani, na mara nyingine jeneza na sanda. Ni kazi ya miaka 23 sasa, na katika miaka hiyo haijapata kuwa na nyumba yake. Tumehama mara tano. Tulianza katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, na leo tumo katika vyumba viwili vya orofa ya pili ambavyo mama mwenye umri wa miaka sabini hupanda ngazi 34 kuvifikia. Kodi yake ni shilingi 28,000 kwa mwezi. Ukizidisha kwa miaka kumi, wapata shilingi 3,360,000, na mwisho wa miaka hiyo hutaondoka hata na msumari.

Lakini si kodi iliyonifanya nitamani nyumba. Kuhama kwetu kwa tatu nilikuwako mwenyewe. Mwenye nyumba alitupa notisi ya mwezi mmoja, na mwezi ule ukawa wa masika. Tulipakia makabati na mafaili juu ya mkokoteni, tukafunika kwa turubai. Kasha moja la bati, lililokuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nililiweka mimi chini kabisa, nikidhani chini ndiko kwenye usalama zaidi. Mvua ilitukuta njiani. Maji hayakuingia kwa juu, yaliingia kwa chini, yakatuama ndani ya mkokoteni. Tulipolifungua kasha, vyeti vitatu vilikuwa kama uji. Viwili tulivipata upya bila ya taabu kubwa. Cha tatu kilikuwa cha binti aliyezaliwa mashambani, baba yake amefariki, na daftari za huko hazikuonekana upesi. Ilichukua miezi 14. Akachelewa kusajiliwa kwa mtihani wa darasa la nane, akapoteza mwaka mzima. Leo ni mama wa watoto wawili, na tukikutana sokoni hunisalimu kwa heshima zote. Hajapata kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi azma ya kujenga ilikuwa yangu tangu mwanzo, na kosa la kwanza la mradi huu lilikuwa langu vilevile.

Mwisho wa Ramadhani moja tulikuwa na shilingi 1,840,000 katika hazina, karibu zote zikiwa ni zaka. Wakati huohuo mwenye nyumba alituarifu kwamba kodi itapanda. Nikawaza: kwa nini tusizitumie fedha hizi kuweka msingi? Nilijua kwamba wako wanazuoni wa zama za karibuni walioipanua maana ya fungu la fii sabilillah, katika yale mafungu manane ya Suratut Tawba, hata likaingiza kila kazi ya kheri. Nikaandika hoja zangu katika karatasi mbili, nikaenda nazo kwenye mkutano wa kamati.

Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Sheikh, nisamehe, mimi si mwanachuoni. Lakini fedha hizi nimezipokea kwa mkono wangu. Kila aliyenipa aliniambia, 'Hii ni zaka yangu,' nami nikamuahidi kwamba itamfikia maskini. Je, ukuta ni maskini?"

Chumba kilinyamaza. Mimi niliyesoma kwa masheikh wetu wa Kishafi tangu utotoni, nikafundishwa kwamba zaka haijatoka mpaka imiliki mkono wa mwenye kustahiki, nilikuwa nimekwenda mbali kutafuta rai ya kunifaa. Niliyajua majibu kabla ya kuyaandika yale maswali. Nikazikunja karatasi zangu. Katika wiki tatu zaka ile iligawanywa yote kwa wenyewe, na katika fungu la jengo tukabakiwa na shilingi 61,000.

Tangu siku ile hesabu zetu ni tatu, na hazionani: zaka, sadaka ya jumla, na jengo. Anayetuma kwa simu huandika neno moja kati ya hayo matatu, na asiyeandika hupigiwa na kuulizwa. Ni usumbufu, na wako waliotukasirikia kwa kupigiwa simu kwa ajili ya shilingi 200. Afadhali usumbufu huo.

Wengine wameuliza kwa nini tusiitie fedha ya jengo katika wakfu moja kwa moja. Hapa pana jambo ambalo watu wetu huchanganya. Katika madhehebu yetu, kinachowekwa wakfu ni kitu chenye kubaki: shamba, nyumba, kisima, hata msahafu. Fedha taslimu haibaki, kwa kuwa huwezi kunufaika nayo mpaka uitoe. Wanazuoni wa Kihanafi wana maneno mengine katika mlango huu, na katika dola ya Uthmaniyya wakfu za fedha zilienea sana. Kwetu sisi fedha inayochangwa ni amana ya kununulia au kujengea, na nyumba ikisimama ndipo hutamkwa kuwa ni wakfu. Asili ya mlango wote huu ni ile ardhi ya Khaybar aliyoipata Sayyidna Umar (r.a.). Alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake. Haikuuzwa, haikutolewa zawadi, wala haikurithiwa. Na aliyeisimamia alihalalishiwa kula humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia.

Nyumba tunayoitaka ni ya namna hiyo: isiwe mzigo wa kuombewa michango kila mwaka, bali iwe na matunda yake. Chini patakuwa na maduka matatu yatakayoelekea barabarani, na juu ofisi na chumba cha mikutano. Kwa kodi za mtaa ule, kila duka laweza kuleta shilingi 15,000 kwa mwezi. Maduka matatu kwa mwaka ni shilingi 540,000. Katika hizo, robo, yaani shilingi 135,000, haitaguswa ila kwa matengenezo. Mafakihi wamesema wazi kwamba pato la wakfu huanza kwa kuiimarisha wakfu yenyewe kabla ya mwenye haki yeyote kupewa chake. Sisi tumelisahau hili, na ndiyo sababu pwani yetu imejaa wakfu zilizoota mibuyu juu ya dari. Mwenye kuweka wakfu aliacha nyumba na maduka. Waliofuata wakala kodi, wasitie hata chokaa, na nyumba ilipoporomoka wakasema haikuwa na barka.

Mwaka jana alitujia mfadhili, mtu mwema kutoka nje ya nchi, akasema atajenga yeye peke yake tangu msingi hadi paa. Alitukabidhi picha. Jengo lilikuwa la orofa nne, uso wake wote wa vioo vya buluu, na jina la marehemu baba yake kwa herufi za shaba. Wajumbe wawili walitokwa na machozi ya furaha. Mimi nikaulizia madirisha, kwa maana katika picha sikuyaona yakifunguka. Tukajibiwa kwamba hayafunguki. Hewa italetwa na viyoyozi.

Mweka hazina akachukua kalamu. Kiyoyozi kimoja cha kawaida hula umeme wa feni za darini ishirini hivi. Jengo lile lilihitaji viyoyozi 18 na lifti moja. Mfadhili alikuwa ameahidi kujenga, hakuahidi kulipa bili. Tulipofika mwisho wa hesabu, tukaona bili ya umeme ya mwezi mmoja ingezidi kodi tunayolipa sasa, kabla ya kumsomesha yatima hata mmoja. Tungetoka katika mikono ya mwenye nyumba tukaingia katika mikono ya mita.

Tulimwandikia barua ya shukrani. Tukamwomba, kama ataridhia, atujengee birika la maji tu, na jina la baba yake tungeliandika hapo. Bado hatujapata jibu. Simlaumu, nia yake iko kwa Mola wake. Lakini nimeona majengo mengi ya kheri yenye bamba la marumaru mlangoni na mifereji mikavu chooni, nami sikutaka tuongeze jingine.

Baada ya hapo tuliwaendea wajuzi wetu wenyewe. Mmoja ni fundi mzee wa mawe, ambaye babu yake alijenga nyumba za Mji wa Kale, na wa pili ni binti mmoja msanifu wa majengo, aliyetuchorea bila ya malipo. Niliwakutanisha nikiwa na hofu kwamba hawatasikilizana. Walisikilizana tangu kikombe cha kwanza cha kahawa, na mimi nikabaki mwanafunzi.

Jambo la kwanza walilonifunza lilinishangaza, kwa kuwa nusu yake nilikuwa nalijua miaka yote bila ya kujua kwamba nalijua. Mombasa na Makka zakaribia kulala juu ya mstari mmoja wa longitudo, na tofauti yake haifiki hata nusu ya nyuzi. Ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini barabara. Sasa, kwetu sisi tulio karibu na ikweta, jua huzipiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni, mwaka mzima. Nyumba ikinyoshwa ili ubavu wake mrefu uelekee kibla, kuta zake fupi ndizo zinazopigwa na jua. Na madirisha ya kaskazini na kusini hupokea pepo zote mbili, kaskazi na kusi, kila mmoja kwa msimu wake. "Basi nyumba yenye adabu ya kibla," akasema yule binti akicheka, "ina adabu ya jua pia." Upande wa magharibi kaweka ngazi, stoo na vyoo, ili joto la alasiri liishie huko.

Fundi yeye alizungumzia kuta. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na kuta za matumbawe zenye upana wa karibu nusu mita, na vyumba virefu vyembamba, kwa sababu boriti ya mkandaa haikuweza kubeba zaidi ya upana wake. Joto la mchana lilichukua muda mrefu kupenya ukuta ule, na lilipofika ndani jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Nikadhani basi atatuambia tujenge vilevile. Akakataa. Mikoko imekatwa vya kutosha, akasema, na tanuri la chokaa hula kuni nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Ushauri wake ni mawe ya timbo ya hapahapa pwani, kuta nene upande wa magharibi tu, na chokaa katika plasta, si katika kila kitu. Plasta ya chokaa huuachia ukuta upumue unyevu wake, ilhali ya saruji huufungia ndani mpaka rangi ikabanduka kama ngozi ya mgonjwa. Na daka liwe kubwa mlangoni, lenye baraza mbili za mawe, wajane wanaosubiri wakae kivulini badala ya kusimama ngazini.

Umeme wa mchana utatoka juu ya paa. Feni, taa, tarakilishi tatu na mashine moja ya kuchapa havihitaji sola kubwa. Katika hilo sina mengi ya kusema, mafundi wake wako kila mtaa.

Kwenye maji ndipo tulipokaa siku nyingi. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa habari ya mifereji yetu. Maji ya mji huu hutoka mbali, mengine yakisafiri tangu Mzima Springs huko Tsavo, na yakikatika twarudi kwa mikokoteni ya madumu na mabauza. Visima vya kisiwani vingi vimeingiwa na chumvi. Lakini mvua twaipata. Kwa wastani, mwaka wa Mombasa hushusha mvua ya milimita 1,000 hivi. Hesabu yake ni nyepesi, hata watoto wa madrasa niliwapa waifanye: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa letu litakuwa mita 14 kwa 12, yaani mita za mraba 168. Mwaka mmoja waliangushia lita 168,000. Tukiondoa sehemu ndogo inayopotea kwa uvukizi, uchafu na kufurika, tuseme moja katika tano, zinabaki lita 134,400. Ofisi yetu, pamoja na wageni na udhu, hutumia lita 250 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni lita 91,250. Maji ya paa yanatosha na kubaki.

Shida ni kwamba hayaji yote siku moja kwa kipimo. Masika huyamwaga, kisha kuanzia Januari hadi Machi mbingu hufunga. Kwa hiyo lahitajika birika la kuvuka siku mia moja za kiangazi: lita 25,000, nasi tumeweka 30,000 kwa tahadhari. Ni shimo la mita 4 kwa 3, na kina cha mita mbili na nusu, chini ya ua. Fundi akatukumbusha kwamba jambo hili si geni. Misikiti yetu ya kale yote ilikuwa na birika na kisima, na anayekwenda Gede ataviona visima katika magofu hata leo. Maji ya udhu yatapita kando yakanyweshee migomba na minazi miwili. Katika sunna tumekatazwa israfu ya maji hata mtu akiwa kando ya mto unaopita, seuze sisi tunaongojea bauza.

Kuna suala la nani atakayeishika nyumba. Jumuiya kama yetu, kisheria, si mtu, haiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake. Mazoea yetu ni kuandikisha hati kwa majina ya wazee watatu waaminifu. Wazee hufa. Watoto wao hufungua sanduku, hukuta hati yenye jina la baba yao, na hapo ndipo kesi zinapozaliwa. Tumekubaliana nyumba iwe wakfu iliyosajiliwa, na habari yake ifikishwe kwa Tume ya Wakfu, hapahapa Mombasa. Nadhiri wake wa kwanza tumemteua mweka hazina. Baadhi ya vijana walinong'ona kwamba ni mwanamke. Nikawauliza: ile wakfu ya Sayyidna Umar, baada yake aliiacha mikononi mwa nani? Walikaa kimya. Aliiacha kwa binti yake, Mama wa Waumini, Bibi Hafsa (r.a.).

Sasa nije kwenye kiwanja chenyewe, maana jibu la kijana wangu liko hapo, na hayo yote niliyotangulia kuyasema yangekwisha kujengwa kama si hili. Wahusika wameniruhusu kuliandika, mradi nisiwataje.

Kiwanja tulipewa na mzee mmoja wa mtaa wetu, mcha Mungu, aliyekitumia kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliposimama msikitini kutangaza, watu walipiga takbiri. Tukakizungushia ukuta, tukasoma dua, tukapiga picha. Baada ya wiki mbili nikaenda kwake kuchukua hati. Hati ilikuwa na jina la baba yake, aliyefariki mwaka 1988. Mirathi haikuwa imepata kugawanywa. Warithi walikuwa yeye na dada zake watatu.

Nilihesabu hapo hapo, kimoyomoyo. Mwanamume mmoja na wanawake watatu: mafungu matano. Mzee alikuwa na mafungu mawili, na kila dada fungu lake moja. Alikuwa ametoa wakfu matano.

Sikumdhania ubaya, na wala hakuwa nao. Ni ile desturi yetu ya "dada zangu hawana neno". Wawili kati yao kweli hawakuwa na neno, wakaandika kwa Kadhi kwamba wametoa. Wa tatu, mdogo wao, mjane anayekaa Malindi, hakuandika. Wajumbe wakasema tuanze tu, atakuja kuridhia akiona jengo limesimama. Na wallahi nusu ya nafsi yangu ilikubaliana nao. Nilikuwa nimechoka na zile ngazi 34.

Tulikwenda Malindi mimi na mweka hazina, kwa matatu ya asubuhi. Bibi alitupokea vizuri, akatuandalia kahawa na tende. Nyumba yake ina mabati yaliyoliwa na chumvi, na pembeni mwa sebule palikuwa na ndoo ya kukinga matone. Tulipomaliza kueleza habari ya mayatima na wajane, alituambia: "Wanangu, mimi sikatai wakfu. Nakataa kuambiwa kwamba nimekwisha kutoa. Kaka hakunipigia hata simu. Dua ya kiwanja cha baba yangu nimeiona katika simu ya mjukuu wangu."

Nilitazama ile ndoo. Jumuiya ya kuwatazama wajane ilikuwa imejenga ukuta juu ya fungu la mjane, na imam wa dua ile nilikuwa mimi.

Njiani tukirudi nilikumbuka kisa tunachowasomesha watoto kila Mfunguo Sita. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mahali pa kujenga msikiti palikuwa ni ardhi ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Waliitoa bure. Akakataa kuipokea bure, akailipia. Na msikiti uliojengwa hapo ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti yake, lililovuja mvua iliponyesha hadi watu wakasujudu juu ya tope. Jengo liliachwa kuwa duni kiasi hicho, lakini ardhi yake ililipiwa.

Kiwanja kilithaminiwa kwa shilingi 4,500,000. Fungu la bibi ni shilingi 900,000. Alikubali tumlipe kwa mafungu tisa ya shilingi 100,000, na sharti letu wenyewe ni kwamba hatutachimba hata shimo la nguzo mpaka la mwisho lilipwe. Kaka yake alikwenda Malindi peke yake kwanza, kisha tukaenda pamoja. Yaliyosemwa baina yao ndani mimi sikuyasikia, nilikuwa barazani nikinywa kahawa. Mzee alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na bibi alimfungia samaki wa kukaanga wa kwenda nao.

Aliomba jambo moja tu. Marehemu mama yao alikuwa akiweka mtungi wa maji mlangoni kwa ajili ya wapita njia. Akauliza kama birika letu laweza kuwa na mfereji mmoja upande wa nje wa ukuta. Binti msanifu ameuchora.

Kwa hiyo, kijana wangu, shilingi 500 zako za kila mwezi ziko Malindi. Baadhi yake zimekwisha kuwa mabati mapya. Tumelipa mafungu sita, yamebaki matatu. Kiwanjani kwa sasa kuna mwembe na mbuzi wa jirani.

Jumatatu twapeleka fungu la saba. Masika yamekwisha kuanza, na mweka hazina ameniagiza nibebe mimi daftari la stakabadhi. Nimelitia ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko cha kukaza, na nitalipakata juu ya mapaja yangu hadi Malindi.